Siku Tatu za Kwanza Hanoi

Tulifika Hanoi jioni ya Jumatano, tarehe 7 Februari 2018, mimi na mume wangu, tukiwa na mabegi mawili yaliyojaa nguo nyepesi za Tanga, kwa kuwa sote wawili tuliamini kwamba nchi inayolima mpunga na kuvuna nazi haiwezi kuwa na baridi. Tulipotoka nje ya uwanja wa Nội Bài, pumzi zetu zikawa zinaonekana. Usiku ule nililala na kanga mbili juu ya blanketi la hoteli.

Safari ilikuwa ya mume wangu tangu mwanzo. Marehemu baba mkwe alikuwa akifuatilia vita vya Vietnam redioni, na mwanawe alikua akisikia jina la Hanoi kama wengine wanavyosikia majina ya miji ya jamaa zao. Tuliweka akiba miaka miwili, tukawaacha watoto kwa mama yangu, tukaondoka.

Asubuhi ya Alhamisi tulitaka jambo dogo tu, kuvuka barabara ili tulifikie ziwa la Hoàn Kiếm, na jambo hilo dogo lilitushinda kabisa. Pikipiki zilipita kama mto uliofurika, bila mwanya. Isitoshe, kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo anayetaka kuvuka hutupa jicho kulia kwanza. Vietnam huendesha upande wa kulia, na hatari ya kwanza humjia mtu kutoka kushoto. Nilitazama kulia, nikaona pana nafasi, nikashusha mguu. Pikipiki iliyobeba mti mzima wa pichi, uliofungwa kwa kamba nyuma ya dereva, ilinipita karibu kiasi kwamba matawi yalinikwaruza bega, na niliporuka kurudi nyuma nilikuta maua madogo ya waridi yamenasa kwenye ushungi wangu. Mume wangu aliyatoa moja moja, kimya, vidole vikimtetemeka.

Tulisimama pale muda mrefu. Kisha akaja bibi mmoja mwenye vikapu viwili vya mzega begani, akaingia barabarani bila haraka na bila kusita, hatua zake zikiwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na pikipiki zikampisha mbele na nyuma kama maji yanavyolipisha jiwe. Mume wangu alimfuata kwa macho mpaka akafika ng'ambo.

"Umemwona, Mama Salma? Hakusimama, hakukimbia. Wao ndio wanaomkadiria yeye. Nipe mkono."

Tulikuwa na miaka 11 katika ndoa, na hakuwahi kunishika mkono njiani. Si kwamba hanipendi. Kwetu mume hutangulia hatua mbili tatu, mke akafuata, na nilikwisha kulizoea jambo hilo kiasi cha kutolifikiria. Nilimpa mkono. Tulivuka tukitazama mbele, mimi nikisoma kila dua niliyoikumbuka, na tulipopanda ukingo wa pili mkono wake ulikuwa umelowa jasho, katika baridi ile.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 23 ya mwezi wa mwisho kwa kalenda yao, siku ambayo, kwa imani yao, miungu ya jikoni hupanda mbinguni juu ya mgongo wa samaki kupeleka habari za kila nyumba. Ukingoni mwa ziwa watu walikuwa wakifungua mifuko ya plastiki na kuwaachia majini samaki wadogo wekundu. Mwanamke mmoja wa rika langu aliinama mpaka mfuko ukagusa maji, akangoja samaki watoke wenyewe. Imani yao si yangu, lakini upole ule niliuelewa.

Chakula kilitutaabisha, kwa kuwa nguruwe ni kitoweo chao cha kila siku na hatukuwa na lugha ya kuulizia. Tuliishi kwa mikate, mayai na matunda, na kwa kahawa ya yai, kinywaji kilichobuniwa mjini humo mwaka 1946 maziwa yalipokuwa adimu: kiini cha yai kilichopigwa kwa sukari hadi kikawa povu zito, kikaelea juu ya kahawa chungu. Nilikunywa vikombe viwili.

Ijumaa tuliutafuta msikiti wa Al-Noor, ulio mtaa wa Hàng Lược, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwaka 1890 na ambao ndio pekee mjini Hanoi. Hatukujua kwamba mtaa huo huo ndio wenye soko la maua la kukaribisha mwaka mpya, Tết. Tulipenya kati ya mipichi iliyochanua na miti ya vichungwa vidogo iliyopangwa hadi barabarani, na ghafla tukauona ukuta mweupe. Alipokwenda kuswali nilikaa uani. Sauti ya imamu ilipoanza Alhamdu, kelele za pikipiki zikiwa bado nje ya lango, machozi yalinitoka, nami sikuyazuia.

Mume wangu alitoka akiwa bado anavaa viatu, akaniuliza kama baridi haijaniumiza. Kati yetu na soko palikuwa na hatua chache tu za ua, hapana gari wala pikipiki. Alininyoshea mkono papo hapo mlangoni, kabla ya kufika barabarani.