Siku yangu moja kati ya Bequia na Tobago Cays

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nasugua sitaha kabla wageni hawajaamka. Yoti yetu ina futi 54, mlingoti mmoja, wageni sita, na watu watatu wa kazi: nahodha, mpishi na mimi. Tumelala Admiralty Bay, kisiwa cha Bequia, katika nchi ya Saint Vincent na Grenadini, visiwa vya Karibi.

Saa kumi na mbili nampigia mama. Lamu sasa ni saa saba mchana. Swali lake halibadiliki: "Mwanangu, pepo vipi huko?" Matlai, mama, kama jana. Bado hajakubali kwamba kuna bahari isiyojua kaskazi wala kusi, upepo ukitoka mashariki mwaka mzima.

Saa moja, kijana wa mashua analeta mikate na barafu. Namlipa kwa dola ya Karibi ya Mashariki. Tangu 1976 dola moja ya Marekani ni 2.70, hesabu nimeshaikariri. Kisha naitwa kuzibua choo cha wageni. Hilo sitalisimulia.

Saa moja na nusu tunang'oa nanga. Tanga kuu tunalipunguza kabla hata ya kutoka, na mgeni mmoja anashangaa: maji si yametulia? Yametulia kwa sababu kisiwa kinatukinga. Zile picha za matangazo zote hupigwa hapa, nyuma ya kisiwa. Kazi iko katikati ya visiwa, pale mawimbi ya Atlantiki yanapopita bila kizuizi. Tunapoimaliza ncha ya magharibi ya Bequia, upepo unafika noti 22, kama kilomita 40 kwa saa, chombo kinalala ubavu na sahani moja inavunjika jikoni. Mkondo unatusukuma magharibi, kwa hiyo nahodha anaelekeza omo, mbele ya chombo, upande wa upepo zaidi ya tunakokwenda. Yule aliyeuliza yuko tezini, nyuma ya chombo, amekumbatia ndoo. Nampa tangawizi.

Kisiwa cha Canouan tunakipita kushoto. Kuelekea saa sita tunatua matanga na kuwasha injini. Nahodha haingii Tobago Cays, visiwa vidogo katikati ya miamba, ila jua likiwa juu, na hapo ninasimama omo, miwani usoni. Buluu nzito ni kina. Kijani cha maziwa ni mchanga. Kahawia ni mwamba, na kahawia inayohama ni kivuli cha wingu, wacha moyo urudi mahali pake. Naashiria kwa mikono. Sauti haifiki kwenye usukani. Maboya ya huku nayo ni mtihani: ukiingia bandarini jekundu linakaa kulia, wakati kwetu ni kushoto. Mwezi wa kwanza nilikuwa naandika kiganjani kwa kalamu.

Nanga inashuka mita 4, kwenye mchanga, nyuma ya Horseshoe Reef. Upepo uko vilevile lakini maji ni bapa. Ng'ambo ya mwamba kuna kisiwa kidogo cha Petit Tabac, kisha nchi kavu inayofuata ni Afrika. Ile ya magharibi lakini. Lamu bado bara zima.

Najitosa kuhakikisha nanga imeshika. Imezama yote mchangani, na hatua chache pembeni kasa anang'ata nyasi, hata hageuki. Maji hapa hayana bamvua ya maana, kujaa na kupwa ni kama nusu mita tu. Kwetu wakati wa bamvua hufika mita 3, ukizubaa unakuta mashua imekaa kwenye tope.

Mchana ni kupeleka wageni na kuwarudisha kwa dingi, mashua yetu ndogo.

Saa kumi na mbili jioni tunakula kamba wa kuchoma ufukweni Petit Bateau, kimojawapo cha visiwa hivi. Mchomaji anatoka Union Island, ambako kimbunga Beryl kilibomoa au kuharibu vibaya karibu nyumba zote tarehe 1 Julai 2024. Namuuliza kuhusu nyumba yake. Anageuza kamba kwanza. "Paa limerudi," anasema. "Milango bado."

Saa nne usiku niko zamu, nalinganisha taa za yoti za jirani kuona kama nanga inaburura. Mgeni wa ndoo anapanda sitahani taratibu.

"Samahani, kaka. Kile choo..."