Nafasi ya Ulinzi kwa Kijana Anayetafuta Chuo cha Marekani

Baba wa kijana mmoja ninayemfundisha besiboli hapa Dodoma ameniuliza kama ni busara mwanawe aendelee kulinda besi ya kwanza (kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji baada ya kuupiga mpira), mahali ambapo timu inamhitaji, ilhali shabaha yake ni kuchukuliwa na chuo kikuu cha Marekani. Nilimjibu kwamba ahame, na ninaona vema nieleze sababu zangu kwa kirefu.

Kocha wa chuo anapomtazama kijana wa miaka 16 au 17, haangalii tu anacheza wapi leo, bali hukadiria ni nafasi ngapi atazimudu baadaye. Ndiyo maana wachezaji wengi wa besi ya pili, ya tatu na hata wa uwanja wa nje, yaani eneo la mbali nyuma ya besi, katika vyuo hivyo walikuwa shotistopu walipokuwa sekondari, yaani walinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Nafasi hiyo hudai miguu myepesi, mikono inayoupokea mpira bila kuutema, na urushaji wenye nguvu. Aliyeiweza huhamishika popote, wakati mlinzi wa besi ya kwanza hupimwa zaidi kwa upigaji wake.

Maumbile nayo yana kauli yake. Anayerusha kwa mkono wa kushoto hawekwi shotistopu, kwa kuwa hulazimika kugeuza mwili kabla ya kurusha kuelekea besi ya kwanza. Huyo afadhali awe mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, au alinde katikati ya uwanja wa nje, ambako kasi ndiyo mtaji. Makocha huipima kwa mbio za yadi 60, takribani mita 55, na anayezimaliza chini ya sekunde 7 huangaliwa mara ya pili.

Nafasi inayosahauliwa mno, kwa maoni yangu, ni ya mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kutoka hapo hadi besi ya pili ni karibu mita 39, na kijana ambaye mpira wake hufika huko kwa sekunde 2 tangu uingie kwenye glavu yake hatapita bila kuonekana, hasa kwa kuwa wachache huvumilia kazi hiyo ngumu ya magoti.

Kijana wetu hutumia mkono wa kulia, anarusha kwa nguvu na hana uvivu. Nimemwomba baba yake aturuhusu kumfundisha ushotistopu na udakaji kwa zamu kiangazi hiki, na tumrekodi katika nafasi zote mbili, kwani kocha aliye Marekani atamwona kwanza kwenye video.