Mvumo wa Difu Niliyoifunga Mwenyewe

Jumapili, saa tatu usiku

Leo nimepanda Marangu na kurudi Moshi, na giaboksi imekaa kimya njia nzima. Naandika usiku huu huu kwa sababu nikilala nitasahau mpangilio wa vipimo vilivyotufikisha kwenye chanzo cha mvumo ulioninyima raha kwa wiki tatu.

Gari ni Toyota Starlet GT Turbo, toleo la EP82 lenye injini ya 4E-FTE ya lita 1.3. Kila nilipokanyaga mafuta nikitoka kwenye kona, tairi la mbele la upande wa ndani lilizunguka bure, kwa kuwa difu ya kawaida, yaani seti ya gia ndani ya giaboksi inayopeleka nguvu kwa matairi mawili ya mbele, hugawa nguvu sawasawa, na tairi moja likikosa mshiko, lenzake nalo huambulia kile kidogo tu ambacho hilo linaloteleza linaweza kupokea. Ndiyo maana niliagiza LSD, difu inayozuia mtelezo huo, ya aina inayotumia gia za mshazari badala ya sahani za msuguano. Tuliifunga mimi na fundi mmoja mzee ninayemheshimu sana. Gia kubwa ya difu tuliitia kwenye maji yanayochemka ili itanuke kidogo, nayo ikakaa kwenye difu mpya bila kugongwa nyundo hata mara moja.

Siku chache baadaye, kuanzia mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ukaanza mvumo mzito uliopanda kadiri mwendo ulivyopanda. Niliambiwa na wengi kwamba LSD zote hupiga kelele na kwamba nitazoea. Maelezo hayo hayakuniridhisha, kwa maana difu inayogugumia ni ile ya sahani, nayo hufanya hivyo gari linapokata kona kali polepole, wala si kwenye barabara iliyonyooka.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, usifungue kitu kabla hujajua kelele inafuata injini au inafuata matairi." Basi tukaanza na gari likiwa limesimama, injini inaunguruma, gia iko huru. Kukanyaga klachi au kuiachia hakukubadilisha chochote, tukaiweka kando beringi ya shafti inayoingia kutoka kwenye injini. Kisha, kwenye sehemu tambarare karibu na Himo, nilishika kilomita 60 kwa saa kwa gia ya tatu, halafu mwendo uleule kwa gia ya nne. Mizunguko ya injini ilishuka lakini sauti ya mvumo haikushuka. Nilipoiweka gia huru, mvumo ulibaki, ingawa ulipungua makali. Tairi langu lina mzunguko wa takribani mita 1.78, kwa hiyo kwa mwendo huo difu huzunguka kama mara tisa kwa sekunde, na kila kilichokuwa kikilia kilikuwa kikizunguka pamoja nayo.

Zilibaki beringi za magurudumu na beringi za difu yenyewe. Tuliinua magurudumu yote mawili ya mbele na kuliegemeza gari kwenye stendi imara, jambo ambalo nalisisitiza kwa kila mwenye LSD: ukiinua gurudumu moja tu kisha ukaingiza gia, lile lililo chini litavuta gari na kuliangusha kutoka kwenye jeki. Mzee aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kila kitovu cha gurudumu na mpini wake sikioni. Pote palikuwa kimya. Alipoihamishia kwenye ganda la giaboksi upande wa kulia wa difu, aliniita nisikilize, nami nikasikia mkwaruzo kama mchanga unaosagwa.

Tulimwaga oili. Sumaku ya nati ya chini ilikuwa na uji wa kijivu, ambao ni wa kawaida, lakini ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vilivyometa na kuchoma nilipovisugua kati ya vidole. Baada ya kufungua, kikombe cha beringi, yaani pete ya nje ambamo rola zake hukimbia, kilikuwa na ukanda uliofifia, wenye vishimo kama ngozi ya chungwa.

Kosa lilikuwa langu. Nilirudishia shimu ya zamani, yaani pete nyembamba ya chuma inayojaza nafasi ili beringi zibanwe, ya milimita 2.30 bila kupima, nikidhani difu mpya ina kimo kilekile. Beringi hizi za rola za mshazari zinataka kubanwa kwa kiasi maalumu. Zikilegea, meno ya mshazari ya gia kubwa huisukuma difu upande mmoja ninapokanyaga mafuta na kuirudisha upande wa pili ninapoachia, na hapo nikaelewa kwa nini mvumo ulibadilika sauti kila nilipoinua mguu.

Tulifunga beringi mpya na vikombe vyake, tukajaribu shimu tatu, kila mara tukipima nguvu inayohitajika ili difu ianze kuzunguka, hadi ile ya milimita 2.45 ikatupa mkazo unaotakiwa. Oili niliyoweka ni ya uzito wa 75W-90, daraja la GL-4, kwa kuwa difu ya aina hii haihitaji dawa ya msuguano na sikutaka kuhatarisha ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia.

Nitamwaga oili hii baada ya kilomita 500 niitazame tena sumaku. Kipimo cha shimu nimekiandika kwa kalamu ya rangi chini ya boneti.