Jina la Chuo Atalisoma Nani?

Kila msimu wa udahili unapokaribia, swali moja hunifikia kwa sura mbalimbali, mara kutoka kwa vijana wenyewe na mara nyingi zaidi kutoka kwa wazazi wao: mtoto amekubaliwa na vyuo vikuu viwili, masomo ni yaleyale, muda ni uleule, lakini kimoja kina jina kuliko kingine, basi je, aende kwenye jina? Mimi hujibu kwa swali, jambo ambalo najua huwaudhi baadhi yao. Huuliza jina hilo litasomwa na nani, lini, na huyo msomaji atakuwa na kitu gani kingine cha kumpimia mhitimu.

Hadhi ya chuo haifanyi kazi kubwa darasani. Hufanya kazi siku barua ya maombi inapofika mezani kwa mtu asiyemfahamu mwombaji. Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence aliieleza hali hiyo kwa nadharia ya ishara: mwajiri hawezi kuuona uwezo wa mwombaji moja kwa moja, kwa hiyo husoma alama zinazoonekana, elimu ikiwa mojawapo, kisha hukisia kilichofichika nyuma yake. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Ukiifuata hoja yake mpaka mwisho, utaona kwamba ishara hupungua thamani kadiri msomaji anavyopata taarifa nyingine. Mhitimu mpya hana mengi ya kuonyesha zaidi ya cheti, hivyo jina lililo juu ya cheti hicho lina uzito. Akishafanya kazi miaka kadhaa, anayemhoji atataka kujua ameunda nini, ameongoza watu gani na kwa nini aliondoka alikokuwa, na chuo kitabaki mstari mmoja chini ya wasifu wake.

Kabla ya kuuliza jina lina thamani gani, inafaa tuulize limepimwaje. Watu wengi wanaosema chuo fulani ni bora kuliko kingine huwa wameona orodha ya viwango, na ni wachache waliowahi kusoma jinsi orodha hiyo inavyotengenezwa. Orodha ya Shanghai, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, hutoa asilimia 30 ya alama zake kwa tuzo za Nobel na nishani za Fields, ambazo ni tuzo kuu za hisabati, walizopata wahitimu na walimu wa chuo, na asilimia nyingine 20 kwa makala zilizochapishwa katika majarida mawili tu ya sayansi, Nature na Science. Hivyo ni vipimo halali vya utafiti, lakini havimwambii mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama mhadhiri wake atasahihisha insha kwa wakati. Orodha ya QS, nyingine inayotumika sana duniani, kwa upande wake, kwa miaka mingi ilitoa asilimia 40 ya alama kwa maoni ya wanataaluma kuhusu sifa za vyuo, kiwango ambacho baadaye kilishushwa hadi 30. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nafasi ya chuo hutokana na jina lake, kisha nafasi hiyo hutumika kuthibitisha jina lilelile. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata vyema vinajitembeza, tena vikiwa na mabango.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, kinastahili kukumbukwa na kila anayebishana juu ya nafasi tatu au nne katika orodha. Mwaka 2022 profesa wa hisabati wa chuo hichohicho, Michael Thaddeus, alichapisha uchambuzi uliotilia shaka takwimu ambazo chuo chake kilikuwa kimepeleka kwa U.S. News, chombo kinachopanga viwango vya vyuo vya Marekani, na katika orodha ya baadaye mwaka huo Columbia kilishuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Walimu walikuwa walewale, maktaba ileile, na mwanafunzi aliyekuwa katikati ya masomo yake hakupoteza hata mhadhara mmoja. Kama nafasi 16 zinaweza kupotea bila chochote kubadilika darasani, tofauti ya nafasi tano kati ya vyuo viwili vinavyofanana haiwezi kubeba uamuzi wa miaka minne na deni la miaka mingi.

Najua hoja itakayofuata: mbona wahitimu wa vyuo vyenye majina wanalipwa vizuri zaidi? Ni kweli kwa wastani, lakini vyuo hivyo huchagua wanafunzi ambao tayari walikuwa na alama za juu, bidii na mara nyingi familia zenye uwezo, kwa hiyo ni vigumu kujua kilichotoka kwa chuo na kilichotoka kwa mwanafunzi. Watafiti Stacy Dale na Alan Krueger walijaribu kulitenganisha jambo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, kwa kuwalinganisha wanafunzi walioomba na kukubaliwa na vyuo vya kiwango kimoja, ambao baadhi yao waliamua kwenda kwenye chuo kisichochuja sana. Tofauti ya mapato baadaye ilikuwa ndogo mno, isipokuwa kwa wanafunzi waliotoka katika familia zenye kipato cha chini. Utafiti wao wa baadaye uliongeza katika kundi hilo Wamarekani weusi, Wahispania, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Mimi huona hapo ndipo penye funzo zito kuliko yote: jina humsaidia zaidi yule ambaye hakuzaliwa akiwa na watu wa kumfungulia milango. Mtoto wa wakili anayetaka kuwa wakili tayari ana simu ya kupiga. Mtoto wa mkulima ana cheti chake. Kwa hiyo mtu anayemwambia kijana wa familia maskini kwamba majina hayana maana, hata kama anasema kwa nia njema, anampa ushauri uliomfaa yeye mwenyewe.

Upande wa pili wa mizani upo pia, na sitaki kuupunja. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walilinganisha vyuo 12 vinavyojulikana zaidi Marekani na vyuo vikuu vya umma vinavyoongoza katika majimbo. Waligundua kwamba kusoma katika hivyo 12 hakubadilishi sana mapato ya wastani, lakini huongeza kwa takriban nusu uwezekano wa kufika katika asilimia moja ya juu kabisa ya mapato, na karibu mara tatu uwezekano wa kuajiriwa na kampuni zenye hadhi. Anayetamani benki chache za uwekezaji au kampuni za ushauri ambazo huenda zenyewe kutafuta waajiriwa katika vyuo vichache, basi jina ni sehemu ya sharti la kuingia. Ila tazama ulinganisho wenyewe: ni kilele dhidi ya vyuo vingine vizuri, pengo linaloonekana kwa macho. Anayechagua kati ya vyuo viwili vya kati hawezi kuazima matokeo hayo.

Wanaolenga kufundisha chuo kikuu wana hesabu yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika Nature, ukichunguza wanataaluma wa Marekani, ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya wahadhiri waliopata shahada ya uzamivu nchini humo walitoka katika asilimia 20 tu ya vyuo. Huko jina husomwa kwa miwani. Hata hivyo linalosomwa ni la chuo cha uzamivu, na hasa la idara na msimamizi wa tasnifu. Shahada ya kwanza inatakiwa tu imfikishe mtu hapo akiwa na alama nzuri na barua za mapendekezo kutoka kwa walimu wanaomjua kwa jina. Barua za namna hiyo mara nyingi hupatikana kwa urahisi katika idara ndogo isiyovuma.

Kuna mahali pamoja ambapo hata nafasi moja katika orodha ina uzito wa sheria. Uingereza ilianzisha Mei 2022 viza ya watu wenye uwezo mkubwa, wanayoweza kuiomba wahitimu wa miaka mitano iliyopita kutoka vyuo vya nje ya nchi hiyo, na kigezo cha kuanzia kilikuwa chuo kiwe miongoni mwa 50 bora katika angalau orodha mbili kati ya tatu mashuhuri. Hapo wa 50 aliingia na wa 51 akabaki nje. Naona kigezo cha namna hiyo hakina haki, lakini mwenye ndoto ya kuhamia huko lazima ajue kilivyo wakati anapoomba.

Kwa udaktari, uuguzi na uhandisi naweza kuwa mfupi. Bodi ya usajili huuliza kama programu ina ithibati na kama mwombaji amefaulu mitihani yake. Kwa wahandisi, Mkataba wa Washington wa mwaka 1989 hurahisisha programu yenye ithibati katika nchi moja mwanachama kutambuliwa katika nyingine, bila kujali umaarufu wa chuo.

Basi vyuo vinapokuwa vimekaribiana, mimi hutumia muda wangu kwenye mambo ambayo orodha haziyaoni. Nani hasa hufundisha masomo ya mwaka wa kwanza, profesa aliye kwenye kipeperushi au msaidizi aliyeelemewa? Wangapi walioanza humaliza, tena kwa wakati? Mafunzo kwa vitendo hupangwa na idara, au kila mtu hujitafutia? Wanafunzi wa mwaka wa tatu watakujibu hayo kwa ukweli kuliko ofisi ya udahili. Kisha ada: tofauti ya gharama ni ya uhakika na huanza kulipwa mapema, ilhali faida ya jina ni ya kukisia. Fahari ya familia nayo ni kitu, sikidharau, ila iingizwe kwenye hesabu kama gharama inayojulikana. Ikiwa vyuo vimelingana kweli kwa hayo yote, chukua chenye jina, kwa kuwa hapo jina unapewa bure.

Na kama chenye jina ndicho unachokitaka lakini kingine kimekupa ufadhili mzuri zaidi, usijibu yeyote kwanza. Andika kwa ofisi ya ufadhili ya kile cha kwanza, ambatisha barua ya kile cha pili, na uombe kwa adabu wafikirie upya. Baadhi ya vyuo vina utaratibu rasmi wa maombi ya namna hiyo, lakini mlango wake huenda ukafungwa unapothibitisha nafasi, kwa hiyo barua itangulie uthibitisho.