Nilivyoitwa yaya robo ya tatu

Jumamosi usiku, 12 Agosti 2017

Wiki nzima neno moja limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nyumbani kura zimepigwa, mshindi katangazwa alfajiri ya leo nikimalizia zamu ya usiku, mdogo wangu kajifungua mtoto wa kiume kule Kilifi, na mimi bado niko kwenye tope la Jumamosi iliyopita, nimelala chali.

Wasomaji wa kitambo mnajua nilivyoingia kwenye mchezo huu wa mpira wa Kiaustralia, ule wa kushika kwa mikono na kupiga teke. Februari tulikaa mimi na binti yangu mbele ya runinga tukitazama Carlton na Collingwood wakifungua ligi kubwa ya wanawake. Watu 24,568 ndani ya uwanja wa Princes Park hapa Melbourne, milango ikafungwa na wengine wakabaki nje. Binti akaniuliza, mbona wewe huchezi, Mama? Swali hilo lilinilaza macho. Sisi ni wa ridhaa, hatupokei hata senti, tunalipa ada ili tucheze. Chama chetu cha mpira wa ridhaa, VAFA, kipo tangu 1892, na huu ndio mwaka wake wa kwanza kuwa na ligi ya wanawake. Miaka 125. Yule mama anayetushikia saa alicheza miaka ya 1980, wakati ligi ya wanawake ya jimbo letu la Victoria ilikuwa bado changa. Ilianza 1981 na timu 4. Kila tukiingia uwanjani husimama. Hasemi kitu, anasimama tu mpaka mpira urushwe.

Sasa, robo ya tatu. Tuko nyuma kwa pointi 9. Mvua ya Agosti ya Melbourne, na ule mpira wa umbo la yai unateleza kama kambale. Nimekaa pazuri, napiga kelele, "Lete!" Timu nzima siku hizi inasema lete, hata kocha aliyezaliwa hapa hapa anasema lete. Napokea, nageuka, milingoti 4 iko mbele yangu. Ukiupitisha kwa teke kati ya ile miwili mirefu ni pointi 6, pembeni yake ni pointi 1. Na ukibanwa, lazima uupige teke au uutoe kwa ngumi, maana kuurusha hairuhusiwi. Nikasita. Mikono ikanizunguka kiuno, tope hilo usoni, kisha filimbi. Nimeng'ang'ania mpira, kwa hiyo mpira ni wao.

Aliyenikaba ni msichana wa miaka kama 19 au 20, mweusi kama mimi, kasuka nywele mistari, jezi nambari 23. Wenzake wanamhimiza apige upesi. Yeye akainama, akachomoa kinga ya meno kwa vidole vyenye tope, akaninyoshea mkono wa pili.

"Pole, yaya."

Kiswahili! Msimu mzima sijasikia Kiswahili kutoka kwa mpinzani. Ila kabla moyo haujafurahi, lile neno la pili likawa limeshaniingia.

"Mimi si yaya wa mtu."

Nikainuka mwenyewe. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akaufuta kwenye kaptura, akarudisha kinga mdomoni, akapiga teke lake.

Mnajua miaka yangu 4 ya Nairobi, niliandika mara moja tu na sikurudia. Katika nyumba ile hakuna aliyeniita jina. Yaya, leta maji. Yaya, mtoto analia. Siku naondoka, mtoto niliyemlea tangu ana miezi 3 alinishika sketi akilia yaya, yaya, na mama yake akambembeleza kwamba yaya mwingine anakuja Jumatatu. Sikuvuka bahari nije kuitwa hivyo tena nikiwa nimevaa jezi na daluga zangu, mbele ya binti yangu.

Basi nikawa nayarudia tu. Nikiosha vyombo, nikiwa kwenye treni, nikimgeuza mzee kitandani kazini. Pole, yaya. Na kila nikirudia nampa jibu kali kuliko la kwanza.

Jumatano, kama saa nane usiku, nilikuwa nakunja shuka na yule mama wa Bukavu, Kongo, tunayefanya naye zamu. Nikamsimulia, nikitaka anisaidie kukasirika. Akaacha shuka.

"Yaya? Lakini yaya ni dada mukubwa. Ule mutoto amekupatia heshima."

"Kwenu?"

"Kwetu, Bukavu, Goma, fasi yote. Mimi mwenyewe niko yaya ya watu saba."

Akarudi kwenye shuka lake. Mimi nilibaki nimeshika ncha mbili, sijui nazipeleka wapi. Jirani yangu wa Dar aliwahi kuniambia kwamba kwao msichana wa kazi za nyumbani huitwa dada, na nilishangaa sana. Nilidhani nimejifunza.

Tangu Jumatano ninachokiona si tope wala filimbi. Ni ule mkono. Alisikia "lete, lete" zetu tangu robo ya kwanza, pengine alikuwa anatafuta nafasi ya kunisalimu, na nafasi aliyopata ni mimi niko chini. Alinitazama akaona nimemzidi umri, akanipa jina ambalo mdogo humpa mkubwa wake. Na alichomoa kinga ili lisikike vizuri.

Mimi yangu sikuichomoa. Nilijipa moyo kwamba maneno yalitoka kama mngurumo tu, hakuelewa. Jana nilijifungia bafuni, nikaivaa, nikasema mbele ya kioo: mimi si yaya wa mtu. Yanasikika. Kila neno.

Tulifungwa kwa pointi 15. Baada ya king'ora wao walishikana mabega wakaimba wimbo wa klabu yao, nambari 23 akiwa kati yao anaruka, na mimi nilipita moja kwa moja hadi kwenye gari bila kumpa mtu mkono. Binti aliniuliza mbona tunaondoka mapema, nikamwambia baridi. Timu ile hatukutani nayo tena msimu huu.

Leo hatukuwa na mechi, nikakaa kuiandikia klabu yao. Nimeomba kwa Kiingereza ujumbe umfikie mchezaji wao nambari 23, na chini nikaweka mstari mmoja ambao wa ofisini hawatauelewa: "Asante, mdogo wangu. Nimepoa. Nisamehe." Niliutuma saa kumi jioni. Nimefungua simu mara nyingi mno kwa mtu anayejua leo ni Jumamosi na hakuna aliye ofisini.

Hita ya chumba cha watoto imeanza tena kutoa harufu ya waya unaoungua. Nimeizima, nimewaleta wote wawili kitandani kwangu, na kifua cha mdogo kinakoroma tangu saa mbili. Mwenye nyumba hapokei simu wikendi.