Kaunta buku la baba mdogo

Niliondoka nyumbani mwaka 2011 kwa kivuko, nimerudi mwaka 2025 kwa daraja. Siku ya kuondoka basi letu lilisubiri zamu pale Busisi kwa karibu saa mbili, tukashuka na kusimama juani huku akina mama wakitupitishia masinia ya sangara wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na mihogo. Safari hii nilitokea Mwanza mjini, basi likaingia kwenye Daraja la J.P. Magufuli upande wa Kigongo, likazipita zile kilomita 3 juu ya ghuba ya Ziwa Victoria, na kabla sijamaliza kumwandikia mdogo wangu ujumbe kwamba tumefika Kigongo, tulikwisha kuiacha Busisi nyuma. Daraja lilizinduliwa tarehe 19 Juni mwaka huo huo. Sikuona sinia hata moja.

Mji wetu, ambao sitautaja kwa sababu wenyewe watajitambua, ni mdogo kiasi kwamba wenye maduka makubwa wanaenea kwenye viti vya plastiki kumi na viwili. Baba mdogo ni mmoja wao. Anauza saruji, mabati, misumari na mabomba, na kwa miaka kadhaa sasa amekuwa katibu wa chemba ya wafanyabiashara, kazi isiyo na mshahara wala posho. Nilipoingia dukani kumwamkia aliitikia marahaba akiwa anahesabu nondo, kisha akaniambia, "Alhamisi ufike, mwanangu. Wewe umekaa kwa watu, utatusaidia kuandika."

Nikiri kwamba nilikwenda kwa adabu tu. Nikiwa kijana niliamini chemba ni wazee wanaokunywa chai na kupongezana, na huko Leicester, Uingereza, nilikokuwa nikifanya kazi ghalani nilizoea kusikia habari za chemba zenye ofisi, tovuti na watumishi wanaolipwa. Yetu inakutana stoo, nyuma ya duka la baba mdogo, katikati ya mifuko ya saruji, na kumbukumbu zake zote zimo ndani ya kaunta buku moja lenye jalada gumu, lililochorwa mistari kwa rula na kalamu ya bluu. Ukilifungua linatoa vumbi la saruji.

Hilo kaunta buku ndilo lililonibadilisha mawazo. Mfanyabiashara akija na malalamiko, kwa kawaida huja na neno moja: tunaonewa. Baba mdogo halipokei hivyo hivyo. Anamuuliza ni nani alikuja dukani, siku gani, alidai nini, alilipwa kiasi gani na kama alitoa risiti, kisha anaandika kila jibu kwenye safu yake. Kwa muda wa mwaka mmoja alikuwa ameorodhesha ziara za wakaguzi wa idara mbalimbali kwenye maduka ya wanachama, na orodha hiyo, si hasira za watu, ndiyo aliyoipeleka kwenye Baraza la Biashara la Wilaya, akiambatanisha nakala ya kurasa chache za MKUMBI, ule mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara ulioanza kutekelezwa mwaka 2019. Hoja yake ilikuwa kwamba wakaguzi wanaweza kupanga kuja pamoja, ili mwenye duka afunge nusu siku badala ya siku nne.

Kwa wasiofahamu, mabaraza haya ni matawi ya Baraza la Taifa la Biashara lililoanzishwa mwaka 2001, ambalo mwenyekiti wake ni Rais; mkoani mwenyekiti ni mkuu wa mkoa, na wilayani ni mkuu wa wilaya. Ndani yake serikali na sekta binafsi huketi meza moja, na upande wa sekta binafsi mtu anayetegemewa kuja na karatasi ni kiongozi wa chemba. Asipokuja na karatasi, kikao kinageuka hotuba. Baba mdogo aliniambia mkuu wa wilaya aliisoma orodha yote, akaagiza idara zilete ratiba ya pamoja. Idara mbili zilileta. Nyingine anazifuatilia bado, na tarehe za ufuatiliaji zimo kitabuni.

Alhamisi ile ajenda ya kwanza ilikuwa ushuru wa huduma, ambao halmashauri hutoza kwa asilimia ya mauzo ghafi, uwe umepata faida au hukupata. Muuza saruji, ambaye faida yake kwa mfuko ni ndogo lakini mauzo ni makubwa, anaumia kuliko fundi cherehani. Jambo hili walilijadili kwa zaidi ya saa moja, na ingawa nilijua hawawezi kubadili sheria wakiwa wamekaa juu ya mifuko, nilipenda walivyolipunguza hadi likawa ombi linaloweza kujibiwa: kulipa kwa awamu nne badala ya mara moja. Ajenda ya pili ilikuwa mradi wa dhahabu wa Nyanzaga, uliomo wilayani Sengerema. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinawapa Watanzania kipaumbele katika kuuza bidhaa na huduma migodini, ila kipaumbele si mkataba. Mgodi unataka mzigo uleule, kwa ubora uleule, kila wiki, na hakuna hata mmoja pale stoo anayeweza kuyatimiza hayo peke yake. Waliahidiana kuunganisha nguvu. Hapo sikushawishika sana, maana nilimwona kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la ushindani.

Ndipo nikauliza kuhusu Busisi. Nilitaka kujua ni nani aliyewasemea wale akina mama, pamoja na vijana wa mayai na wenye vibanda vya chai, siku magari yalipoacha kusimama. Kimya kilichofuata sitakisahau. Mwenyekiti, mzee ninayemheshimu, alisema kwa upole kwamba chemba huwasemea wanachama, na wale hawakuwa wanachama. Ada hawakulipa, na wala hakuna aliyewahi kuwaomba walipe. Kaunta buku lilikuwa na kurasa tatu za maoni kuhusu daraja, zilizoandikwa wakati ujenzi ukiendelea, na zote zilihusu jinsi malori ya saruji yatakavyofika haraka.

Sikusema hivyo ili kuwaaibisha, na naamini hawakuwa na nia mbaya. Watu hawa hufunga maduka yao kwa hiari kwenda kukaa vikao ambavyo faida yake huwafikia hata wasiochangia, na huko nilikotoka nimeona wanaolipwa wakifanya pungufu ya hapo. Lakini mtu huandika kile anachokiona kutoka mlangoni kwake, na mlango wa duka la vifaa vya ujenzi hautazami gatini. Baba mdogo alifunga kitabu, akakaa kidogo, kisha akasema, "Jumamosi tutakwenda. Na wewe ndiye utakayeandika."

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Wengi walikwisha kuhama. Baadhi wanauza samaki stendi, wengine wamerudi kulima. Tulimkuta mama mmoja bado ana kibanda chake, akiwakaangia sato wavuvi na mafundi wa mitumbwi, na yeye nilimkumbuka kwa sauti, maana ndiye aliyekuwa akiyawahi mabasi kabla hayajasimama. Baba mdogo alimweleza habari za chemba kwa urefu, pengine kwa urefu mno. Mama alisikiliza huku akigeuza samaki, akauliza kama mgodi unakula sato au unakula sangara tu, akauliza ada ni shilingi ngapi, akaomba kulipa nusu.

Niliandika jina lake kwenye ukurasa mpya. Alipotoa noti kutoka kwenye pindo la khanga hakuiachia. Aliishikilia upande mmoja, baba mdogo akiwa ameishika upande wa pili, akadai kwanza risiti. Kitabu cha risiti za chemba kilikuwa kimebaki dukani. Ilibidi baba mdogo apapase mifuko yote ya koti mpaka akapata karatasi ya oda ya mabati, akaigeuza nyuma, akamwandikia hapo, akatia sahihi na tarehe.