Mlangoni mwa maktaba

Mwaka wa kwanza chuoni tulipewa zoezi la takwimu nililoliona la kitoto: kadiria wastani wa saa ambazo mwanafunzi wa idara yetu hutumia maktaba kwa wiki. Idara ilikuwa na wanafunzi 412. Hatukutakiwa kuwahoji wote, tuchukue sampuli.

Sikuumiza kichwa. Jioni mbili nilisimama mlangoni mwa maktaba na daftari, kila anayetoka namdaka: "Samahani, uko idara yetu? Wiki hii umekaa humu muda gani kwa jumla?" Nikapata watu 60, wastani saa 14. Mwenzangu wa dawati alikuwa amevuta majina 30 tu kutoka kwenye rejista, nikamhurumia.

Mwalimu aliisoma karatasi yangu bila kugusa hesabu hata moja.

"Hawa 60 uliwapata wapi?"

"Mlangoni mwa maktaba, mwalimu."

"Na yule asiyekanyaga maktaba, ulimkuta wapi?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kicheko cha kufunika aibu, kisha nikajitetea kwamba nitaongeza watu hadi wafike 200. Hapo akatusimulia habari za Literary Digest, jarida la Marekani. Mwaka 1936 lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kuwa Landon atamwangusha Rais Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametoka kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, tena katika miaka ya mdororo wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza.

"Mlango wao ulikuwa mpana kuliko wako," akasema, "lakini ulikuwa mlango."

Usiku nikagundua jambo lililoniuma zaidi, na hili hakuna aliyeniambia. Hata kwa wale wanaotumia maktaba, mlango ulikuwa umenidanganya. Anayekuja kila siku, jioni yoyote ningemnasa. Anayekuja mara moja kwa wiki, uwezekano mkubwa nilimkosa. Wapenda maktaba walikuwa wamejihesabia nafasi zao na za wenzao.

Nikaanza upya. Nilikata vikaratasi 412, kila kimoja na namba yake ya rejista, nikavitia kwenye kopo, nikatikisa, nikavuta 30 bila kuangalia. Kuvuta kulichukua dakika chache. Kuwasaka watu wenyewe kulichukua siku sita. Namba 187 nilimfumania uwanja wa mpira, viatu mkononi. Nilipomuuliza kuhusu maktaba, akajibu, "Ile iko upande gani?" Nikaandika 0, na nakiri mkono ulisita, maana niliona wastani wangu unaporomoka.

Siku ya tano walibaki watatu wasioonekana. Nikapendekeza niwabadilishe na marafiki watatu waliokuwa wamekaa karibu nasi, nani atajua? Mwenzangu hakuinua hata macho. "Huo nao si mlango?" Nikaenda kuwatafuta.

Safari hii wastani ukawa saa 5.3. Wa mwenzangu ulikuwa 4.6. Nikaingiwa na hofu: rejista moja, njia moja, majibu mawili. Nikamfuata mwalimu ofisini nikamuuliza nani kati yetu kakosea.

"Hakuna. Wastani wa wale 412 ni mmoja, umetulia mahali pake hata kama hatuujui. Unaochezacheza ni wa sampuli."

Akachukua kalamu. Mkengeuko sanifu wa majibu yangu, yaani kipimo cha jinsi yalivyotawanyika kutoka kwenye wastani, ulikuwa kama saa 6. Akaugawa kwa kipeuo cha pili cha 30, ikaja saa 1.1 hivi. Hicho, akasema, ndicho kiasi cha kawaida cha kuyumba kwa sampuli ya ukubwa huo, na tofauti yenu haifiki hata hapo. Nikauliza nifanye nini kuyumba huko kupungue nusu. Nilitarajia aseme watu 60. Akasema 120, kwa sababu ya kile kipeuo: ili kiwe mara mbili, watu lazima wawe mara nne. Nikawaza siku sita mara nne.

"Lakini kama huamini kwamba wastani wa sampuli unachezacheza," akaongeza, akinisogezea kopo langu mwenyewe mezani, "rudisha vile 30, uvute tena."

Nikavikunja kimoja kimoja nikavirudisha, cha 187 nikakizamisha chini kabisa kwa kidole. Mwalimu alikuwa ananitazama. Akalichukua kopo, akalitikisa yeye mwenyewe.